Kibuyu cha Mama Tapkigen

"Maziwa yameiva." Sauti ya Mkuu Odera ilinguruma sikioni mwa mpelelezi Aluoch. "Ndege inawasha injini. Almasi za wizi anazo Verhagen."

Aluoch aliruka kutoka kwenye Subaru kabla Kituyi, dereva wake, hajasimama. Katika lango la ndege za kukodi, uwanja wa Eldoret, Verhagen, wakala wa wanariadha, alikuwa akiagwa kwa nyimbo. Mabegi yake yalikuwa yamekaguliwa mara mbili. Hata viatu.

Hakuna kitu.

Kilichobaki ni kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yenye unga wa makaa. Verhagen alikuwa amezawadiwa jana na Mama Tapkigen, mzazi wa bingwa wake, ambaye sasa aliongoza nyimbo. Na hapa hakuna askari anayetia mkono kwenye mursik ya mgeni.

Verhagen alilijua hilo.

Aluoch alikipokonya kibuyu, akakipindua.

Nyimbo zilikatika. Maziwa yaliruka hadi kwenye viatu vya kanisani vya Mama Tapkigen. Sakafuni, chenga nyeusi tu.

"Wewe msichana! Kwenu ziwani mnamwaga baraka hivi?" Mama alifoka.

"Umekamata makaa," Verhagen alicheka. "Hongera."

Aluoch alitamani ardhi immeze. Alipiga magoti mbele ya simu zilizokuwa zikirekodi, akaponda chenga moja vidoleni. Vumbi. Ya pili, vumbi.

Ya tatu ilikataa.

"Hiyo ni changarawe ya kuoshea kibuyu," Verhagen alisema, haraka mno.

Aluoch alimkamata mkono, akaiburuta ile chenga juu ya kioo cha saa yake ya Rolex.

Krrr. Mfereji mweupe.

"Kioo hiki ni yakuti. Changarawe haikigusi. Almasi ni kaboni, sawa na makaa. Kwenye makaa atomu zimelala matabaka yaliyoshikana kwa ulegevu, yanapondeka. Kwenye almasi kila atomu imeshikwa na wenzake wanne, pande zote. Uliipaka masizi tu."

Verhagen alichomoka mbio. Mlangoni alikutana na bastola ya Kituyi.

Pingu zikalia.

"Safi," Odera alisema sikioni. "Sasa muombe mama msamaha. Watu wanarekodi."

Mama Tapkigen alikuwa ameinama, akipangusa kiatu kwa leso. Hakumtazama. Aibu ilimlemea Aluoch, nzito kuliko bastola kiunoni.

"Mama, huyu alificha wizi ndani ya heshima yako. Nikiomba msamaha leo, mwingine atajificha humo humo kesho."

Alifuta mikono kwenye jinzi, akaelekea Subaru. Mama akamwita.

"Kwa hivyo huombi?"

"Siombi, Mama."