Kengele ya Kalabati

Siku ya nne baada ya tembo kufa, Shefali alianza kuyumba.

Alisimama penye pampu ya maji, mchana wa jua kali, akienda kushoto na kurudi kulia, kushoto na kulia, huku ndoo ikifurika miguuni pake. Moyna, mama yake, alidhani mtoto anacheza. Kisha akauona mguu wa kushoto. Ule wa kulia uliinuka na kushuka, mwili mzima ulikwenda na kurudi, lakini wa kushoto ulikaa topeni kama uliopigiliwa misumari.

"We Shefali! Maji yanamwagika, huoni?"

Mtoto akageuka. Miaka saba tu. Akanyoosha mkono, kiganja juu, akaupeleka taratibu hadi usoni pa mama yake, na vidole vikaanza kumpapasa mdomo, kama vinanusa.

Moyna akaiangusha sahani ya mchele.

Mji mzima wa Kulaura uliujua mkao ule. Ndivyo tembo Kalabati alivyosimama miaka kumi na tisa, mguu wa kushoto mnyororoni, akiyumba mpaka kukuche. Na ndivyo alivyonyoosha mkonga sokoni. Torab, baba yake Shefali, alikaa shingoni na kulabu ya chuma mkononi. Kengele ikilia, wenye maduka walitoa noti ya taka kumi, fedha ya Bangladesh, kabla ya kuulizwa, kwa kuwa asiyetoa alizibiwa mlango na mnyama mzima. Tembo alipokea, akainua noti juu ya kichwa, Torab akaichukua. Waliita sadaka. Mvike mnyang'anyi kengele, mchore maua kwenye paji la uso, watu watamwita baraka.

Kina mama nao walileta watoto wenye hofu na degedege wapitishwe chini ya tumbo la tembo mara tatu, taka ishirini, ili jini la mtoto libaki kwa mnyama. Sharti lilikuwa moja, nalo Torab alilirithi kwa baba yake: mtoto apite kwa miguu yake mwenyewe, asibebwe. Mamia walipita. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza hayo majini yaliyoachwa kwa Kalabati yanakaa wapi na yanakula nini.

Siku ya kufa kwake, Kalabati alipiga magoti saa saba mchana, juu ya lami iliyokuwa ikiyeyuka, mbele ya duka la halua. Torab akaona ni ukaidi. Akamchoma kwa kulabu nyuma ya sikio, palepale penye donda la siku zote, akachoma na kuchoma, mpaka mwenye duka akamwambia, "Basi, bwana. Maiti haiamki kwa kuchomwa."

Akaivua kengele shingoni, akaenda kuitundika ukutani, juu ya kitanda cha binti yake.

Sasa kila adhuhuri ilikuwa inalia. Hapakuwa na upepo. Nyumba ilinuka migomba iliyooza na usaha, na nyuma ya sikio la Shefali kidonda kilifunguka, kikawa kinazama kila siku kiasi cha ukucha.

Mganga alikuja, akasoma, akampulizia mtoto maji.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Tu wengi." Sauti ilitoka chini kabisa, ikatetemesha mabati. "Tulikuwa na nyumba. Mmeiua."

"Mtoto amewakosea nini?"

"Mtoto ni mlango tu. Mfungueni aliyeko nyuma."

Wote walijua ni nani. Nyuma ya nyumba, katikati ya magogo mawili, alifungwa ndama wa Kalabati, wa miaka mitatu, kamba shingoni, kamba miguuni. Alikuwa kwenye hadani, mafunzo ya kumvunja moyo: hana usingizi, hana pa kulala, anachomwa na kuimbiwa mpaka asahau kuwa ana mama. Tajiri mwenye tembo alimtaka sokoni kabla ya Idi.

"Mfungue leo," mganga alimnong'oneza Torab. "Kidonda kikifika kwenye mfupa, usiniite mimi. Ita wachimba kaburi."

"Na tajiri nitamwambia nini?"

"Baba Shefali!" Moyna alimshika kanzu. "Mwambie binti yako ni mmoja!"

"Nyamaza, mwanamke. Nimeponya watoto wa mji mzima, nishindwe na wangu? Tumbo la tembo si lipo?"

Akambeba Shefali mgongoni, maana mguu ule haukukubali kutembea.

"Asibebwe!" Moyna alilia. "Baba yako alisemaje?"

"Baba yangu hakuwa na haraka."

Tumbo la ndama lilikuwa chini, hivyo Torab akapiga magoti, akaweka viganja kwenye kinyesi na matope, akatambaa kwa miguu minne na mtoto mgongoni, mara ya kwanza, na kengele ikaanza kulia ndani ya nyumba, mara ya pili, na ndama, ambaye alikuwa akilia kwa wiki tatu, akanyamaza kimya na kusimama kama jiwe, na mara ya tatu, alipokuwa katikati kabisa, gizani chini ya ngozi ile yenye joto, akahisi mgongo wake ukizidi kuwa mzito, uzito wa watu wawili, wa watano, wa mamia, na magoti madogo yasiyo na joto yakimbana shingo huku na huku.

Shefali akateleza chini upande wa pili. Akasimama kwa miguu yote miwili.

"Mama, nina njaa."

Moyna alimkumbatia, kisha akachukua panga, akakata kamba zote. Ndama akatoka, akamnusa Torab usoni, akaelekea vilima vya msitu bila kugeuka.

"Nimemfungua!" Moyna akapiga kelele. "Mlichotaka mmepata, mwacheni mume wangu!"

Torab alikuwa bado kwa miguu minne. Kinywa chake kilifunguka, lakini sauti haikuwa yake.

"Tumeipenda nyumba hii. Inalijua soko."

Siku hizi anasimama mbele ya duka la halua, mguu wa kushoto hausogei, ingawa hakuna mnyororo. Kushoto, kulia. Nyuma ya sikio nzi hawamtoki. Wapita njia humpa noti ya taka kumi, wapate kupita. Anainusa, kisha anainyanyua polepole juu ya kichwa chake.

Na mkono ukishuka, kiganja ni kitupu.