Aliyeuona Mpira wa Shimizu

Vinubhai, sonara mzaliwa wa Mwanza, alikutwa amelala kifudifudi chini ya meza ya kung'arishia pete, mkono mmoja umenyooka kuelekea kwenye kasiki la chuma. Mlango wa kasiki ulikuwa wazi.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Oktoba 2006. Karakana yake ilikuwa juu ya kiwanda kidogo cha masanduku huko Hockley, Birmingham, ghorofa ya pili, na ngazi zake zilinuka mafuta ya mashine. Inspekta Maisara Haidari alichuchumaa kando ya maiti bila kuigusa. Alizaliwa Unguja, akakulia Sparkbrook, na miaka kumi na minne ya kazi ya polisi ilikuwa imemfundisha kutazama kwanza vitu vilivyobaki.

Vipande vya dhahabu vilikuwa vimebaki. Vilipangwa ndani ya kasiki kama sabuni dukani.

"Mwizi gani anafungua kasiki na kuacha dhahabu?" aliuliza Sajini Pratley.

"Aliyekuja kuchukua kitu kingine," alijibu Maisara.

Daktari wa uchunguzi wa maiti alisema marehemu alipigwa mara moja tu, kisogoni, kwa kile chuma kirefu ambacho masonara hutumia kunyooshea pete. Kilikuwa pale pale sakafuni, kimefutwa alama za vidole. Alikufa Jumamosi, kati ya saa moja na saa tano asubuhi. Kwa kuwa alikuwa mjane na akiishi peke yake Kings Heath, hakuna aliyemtafuta Jumapili.

Mlango haukuvunjwa. Kasiki halikuvunjwa.

Aliyemkuta marehemu ni Rosalie, mama wa makamo kutoka Uvira, ambaye kazi yake ilikuwa kung'arisha vito. Aliketi kwenye ngazi, mtandio wake ameushika mkononi.

"Mlango ulikuwa umefungwa, mama?"

"Na ufunguo, Madame. Miye nilifungua mwenyewe, nikaona miguu yake."

"Funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Ya mzee, yangu, na ya Emery."

"Emery ni nani?"

"Sonara wetu. Ni mutu wa kwetu, Uvira. Lakini hayuko. Alienda Japani kutazama football. Anarudi kesho."

"Amekwenda mpaka Japani kutazama mpira?"

"Njo vile alituambia."

Maisara aliandika, akapiga mstari chini ya alichokiandika. "Ndani ya kasiki kumekosekana nini?"

"Mukufu ya dhahabu, ile ya majani ya muhogo. Na kitabu ya michoro."

"Huo mkufu ndio ule wa gazetini, ulioshinda tuzo mwezi uliopita? Kazi ya Vinubhai?"

Rosalie alitazama chini. "Kwenye karatasi, ndiyo."

"Na nje ya karatasi?"

"Miye nang'arisha tu, Madame. Umuulize Emery."

Rosalie alikuwa na ufunguo, kwa hiyo Maisara hakumwacha hivi hivi. Lakini Jumamosi ile mama huyo alikuwa jikoni kanisani tangu alfajiri, akipika chakula cha harusi pamoja na wanawake sita. Waliulizwa mmoja mmoja. Wote walisema jambo moja, na wawili kati yao hawakumpenda.

Emery hakusubiri kuitwa. Jumatano saa tatu asubuhi alifika kituoni mwenyewe, na bahasha mkononi. Alikuwa mwembamba, miaka thelathini na minane, kucha zake safi kuliko za daktari. Alimimina vitu mezani kabla hajaulizwa: pasi ya Uingereza yenye mihuri ya Japani, vipande vya tiketi ya ndege, na tiketi ya mpira iliyochanwa pembeni.

"Umejiandaa vizuri," alisema Maisara.

"Mutu mweusi akiitwa na polisi anakuja na karatasi zake, Madame."

"Hatujakuita."

Emery alizipanga upya karatasi zake mezani.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Mji wa Shimizu. Mechi ilianza saa tisa alasiri."

Saa tisa alasiri kule ilikuwa saa moja asubuhi huku Birmingham. Hata angekuwa na mabawa, asingefika Hockley.

"Nani alishinda?"

"Wageni. Tatu kwa moja. Goli ya kwanza dakika ya kumi na mbili, ya kichwa. Wenyeji walipata ya kwao dakika ya themanini."

"Unakumbuka vizuri."

"Mutu hasafiri mbali vile halafu asahau."

"Picha ulipiga?"

"Sipendi picha."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Hali ya hewa?"

"Mvua. Ilinyesha mpaka mwisho."

"Ukafanyaje?"

"Nilifungua mwavuli, nikakaa na soda yangu."

"Soda ya chupa?"

"Ya kopo. Nilinunua nje, kwenye duka. Nikainywa pale pale kwenye kiti." Alitabasamu kidogo. "Ni kosa hiyo?"

"Sijui bado," alisema Maisara. "Vinubhai alikuwa bosi mzuri?"

Tabasamu lilikatika. "Alikuwa bosi."

Alipoondoka, Sajini Pratley, ambaye hajakosa mechi ya nyumbani ya timu yake tangu utotoni, alikuna kidevu. "Mwavuli? Kwenye majukwaa? Waliokaa nyuma yake wangemla mzima."

"Piga simu Shimizu," alisema Maisara. "Tafuta mkalimani."

Majibu yalikuja siku ya pili, kupitia kwa mwanafunzi wa Kijapani aliyeketi kati ya simu mbili. Ofisi ya uwanja ilikuwa na adabu sana, na ilikuwa na uhakika. Mvua ilinyesha kweli. Lakini mwavuli haufunguliwi jukwaani. Watu huvaa makoti ya plastiki. Kopo nalo haliingii. Langoni kuna wafanyakazi wanaolipokea, wakakumiminia kinywaji chako kwenye kikombe cha karatasi, ndipo uingie.

"Huyu hakuwepo," alisema Pratley. Kisha akashusha pumzi. "Lakini mihuri ni halali. Nimeithibitisha. Pasi ilikwenda Japani na ikarudi."

"Pasi ilikwenda. Nani aliyeibeba?"

Picha ya kamera ya uwanja wa ndege ilionyesha kofia iliyoshushwa usoni na mabega membamba. Angeweza kuwa Emery. Angeweza kuwa mtu anayefanana naye sana.

Maisara alimrudia Rosalie na swali moja tu.

"Ana mudogo wake," alisema Rosalie taratibu. "Gédéon. Wamepishana mwaka moja tu. Hata pasta anawachanganya."

Gédéon alifanya kazi ya kuosha magari karibu na Stratford Road. Alikuwa hajapata uraia wala pasi; tangu aingie Uingereza miaka minne iliyopita hakuwahi kutoka nje ya mipaka yake. Wiki iliyopita hakuonekana kazini. Msimamizi wake aliambiwa kwa simu kwamba anaumwa.

Walimkuta amepiga goti kando ya gari, sifongo mkononi. Maisara alijitambulisha. Gédéon alisimama haraka mno.

"Uliumwa nini?"

"Tumbo."

"Siku nane?"

"Tumbo ya nguvu, Madame."

"Daktari gani alikutibu?"

"Nilikunywa dawa ya kienyeji."

Aliyajibu yote akitazama ndoo. Maisara alimwona ni mtu ambaye amekaririshwa maneno machache na kuambiwa asiyavuke. Angemuuliza mpaka jioni, angeambiwa tumbo. Basi akaacha kuuliza. Aliegemea ukuta kana kwamba kazi imekwisha.

"Kaka yako ametusimulia ule mpira wa Japani. Kumbe ilikuwa safari mbaya."

Gédéon alianza kusugua boneti.

"Anasema watu wa kule hawana ustaarabu. Timu yao ilipofungwa la tatu wakaanza kuzomea. Wakatupa makopo uwanjani. Nusu yao wakaondoka."

Sifongo lilisimama juu ya boneti. "Yaya Emery alisema vile?"

"Anasema hata wachezaji walikimbilia ndani bila kuwaaga mashabiki."

"Apana."

"Ndivyo alivyosema."

"Apana, Madame!" Maji yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko, naye hakuyaona. "Hakuna mutu alizomea. Hakuna! Kopo ingetoka wapi? Walikuwa wanafungwa tatu, mvua inatupiga, na batu walikuwa wanaimba. Ngoma haikunyamaza hata dakika moja. Mama moja muzee alikuwa kando yangu, aliona nimelowa, akatoa koti ya plastiki kwenye mufuko wake, akanivalisha kama mutoto. Halafu mapumziko akaenda kununua chakula, akaacha mufuko kwenye kiti, na pesa ndani. Miye nikakaa kuuchunga, nilifikiri amesahau. Nikaangalia: mifuko kwenye viti kila upande, benyewe hawako, na hakuna anayeigusa. Alirudi akanicheka, akanipa nusu ya wali wake. Na mwisho wachezaji walikuja, wote, wakapanga mustari mbele yetu, wakainama. Wameshindwa, na wanainama! Batu wakawapigia makofi."

Alifuta uso kwa mkono wenye povu.

"Nililia, Madame. Toka nitoke Uvira sijakaa katikati ya batu elfu kumi bila kuogopa. Ile siku njo mara ya kwanza."

Pratley hakujua neno moja la Kiswahili, lakini alikuwa ameacha kutafuna chingamu yake. Magari yalipita. Gédéon aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na mdomo wake ukabaki wazi.

"Nimemuua yaya wangu," alisema.

"Hapana," alisema Maisara. "Aliyekufa ni mwingine. Usiseme zaidi hapa. Utapewa wakili, halafu utaeleza yote."

Alieleza yote kituoni, wakili akiwa pembeni. Emery alimwambia kazi imembana na tiketi hairudishwi, itaharibika bure. Alimpa pasi yake. Alimpa na kofia. Gédéon alidhani ni zawadi tu, ya ndugu kwa ndugu. Aliporudi, Emery alimwambia Vinubhai ameuawa na wezi, na kwamba likijulikana la pasi, mmoja atafungwa na mwingine atarudishwa Kongo.

"Ulimwamini?"

"Njo aliyenibeba mugongoni tulipokimbia, mguu yangu imevunjika, Madame. Ningemwamini nani mwingine?"

Kibali cha upekuzi kilitoka mchana ule ule. Katika chumba cha Gédéon, ambako Emery alijificha siku zote nane, ndani ya gunia la unga wa muhogo, polisi walikuta mkufu umeviringishwa kwa kitambaa. Chini yake kilikuwa kitabu cha michoro. Maisara alikifungua kwa mikono yenye glavu. Jani baada ya jani, majani ya muhogo: moja likiwa limekunjamana, moja limeliwa na mdudu, moja lina tone la maji. Chini ya kila mchoro palikuwa na tarehe, tangu 2001, na jina. Halikuwa jina la Vinubhai.

Emery aliletwa kwenye chumba cha mahojiano saa kumi alasiri. Aliuona mkufu mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Aliinama, akausogelea, akaurekebisha kwa kidole kupitia plastiki ili majani yasilaliane.

"Umepata wapi kosa?" aliuliza. "Magoli nilisema sawa."

"Magoli ulisema sawa. Hawaruhusu makopo ndani. Wala miavuli."

"Hakuniambia ile."

"Hukumuuliza. Sasa niambie la Jumamosi."

Wakili alitaka kumzuia. Emery alitikisa kichwa.

"Sikwenda kumuua. Nilienda kuchukua kitabu yangu. Mukufu nilifanya miye, miezi saba, jioni kwa jioni. Ni majani ya shamba ya mama. Mzee akaupeleka kwenye mashindano na jina yake. Nilimwona kwenye gazeti ameushika. Nikamwambia, useme kweli. Akasema karakana ni yake, basi kila kinachotoka ndani ni chake. Halafu akafungia kitabu kwenye kasiki. Namba zake nilizijua toka zamani."

"Na Japani?"

"Kikipotea, wangesema Emery. Nilitaka niwe mbali. Halafu baadaye ningetoa kitabu mbele ya waamuzi, niseme nilikuwa nacho siku zote."

"Vinubhai huwa haji Jumamosi."

"Haji kabisa. Siku ile alisahau miwani." Sauti ilishuka. "Hakupiga kelele. Aliniona na kitabu mkononi, akasema, 'Rudisha, Emery. Nani atakuamini wewe?' Kwa Kiswahili yake ya Mwanza, taratibu, kama anasema na mutoto. Akanigeuzia mugongo, akainama kufunga kasiki. Kama siko pale."

"Ukachukua chuma."

"Nilichukua chuma." Alifumba macho. "Miaka kumi na moja nilifanya kazi kwa mikono hii, na hakuna kitu hata kimoja mjini hapa kina jina yangu. Sasa kimoja kitakuwa nayo. Kwenye gazeti."

Kinasa sauti kilizunguka.

"Gédéon atafanywa nini?" aliuliza Emery.

"Atajibu kosa la pasi. La mauaji hahusiki, na nitaandika hivyo kwa mkono wangu."

Emery aliitikia. Askari alimgusa bega asimame, lakini hakusimama.

"Madame. Ile mpira. Alikueleza?"

"Alinieleza."

"Miye alitaka kunieleza usiku aliorudi. Alikuwa anacheka peke yake kama amekunywa. Nikamwambia nyamaza, unipe magoli, dakika na hali ya hewa, mengine haitanisaidia." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ilikuwa namna gani?"

Maisara alizima kinasa sauti, akakusanya karatasi zake.

"Muulize mwenyewe," alisema, "akikubali kuja kukuona."