Ua la Kukufikisha Asubuhi

Sogeeni karibu, wazazi na walezi, hasa wewe unayesema huna nafasi. Habari yenyewe si ndefu. Ni ya fundi cherehani mmoja na binti yake, na ua dogo la njano ambalo halikuwa na hatia yoyote.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili. Cha nyuma walilala. Cha mbele kilikuwa karakana: cherehani dirishani, meza ya kukatia, pasi, na nguo za watu zilizoning'inia ukutani zikiwasubiri wenyewe. Kila asubuhi fundi alibana pini midomoni akaanza kukanyaga pedali, na binti yake akaketi chini ya meza ya kukatia, akiokota vipande vya vitambaa na kuzungumza. Walimwita Chiriku, na jina hilo hakupewa bure. Alisimulia ndoto zake, akasimulia ya shuleni, akauliza kwa nini kola ina masikio lakini haisikii. Fundi, na pini zake mdomoni, alijibu "mm" au "mm-mm", na Chiriku akaridhika, kwa maana wenye maneno mengi hawadai majibu marefu.

Mama yake alikuwa amefariki. Aliingia lango la hospitali kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Fundi hakulia siku ile, wala baadaye. Alirudi kwenye cherehani akamalizia suruali ya mteja, na majirani wakasema huyu ana moyo mgumu. Moyo gani? Ilikuwa ganzi tu. Tangu hapo hakupita tena barabara ya hospitali. Alizunguka kwa nyuma hata akiwa na mzigo begani. Dada yake alipomshauri aoe tena, alimjibu kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, kisha akarudisha pini midomoni. Mazungumzo yakaishia hapo.

Ndipo jino likaanza, na hili halikuwa la methali. Lilikuwa gego la Chiriku, la chini, lenye tundu. Mtoto akawa anatafunia upande mmoja, kisha akawa hatafuni kabisa, analia tu huku ameshika shavu.

Shangazi yake, muuza mboga sokoni, alikuja na maua machache ameyafunga kwenye pindo la nguo. Yaliota nyuma ya nyumba yake, penye mfereji wa maji. Lilikuwa ua la ajabu kidogo: halina petali, ni kichwa tu cha njano chenye doa jekundu katikati, mviringo kama kifungo cha shati.

"Tafuna, mwanangu, kisha ulibane hapo hapo kwenye jino."

Chiriku akatafuna. Mate yakamjaa, ulimi ukaanza kumtekenya, akacheka machozi yakiwa hayajakauka.

"Shangazi, mdomo wangu umelala!"

"Uache ulale." Shangazi akamgeukia kaka yake. "Na wewe nisikilize mpaka mwisho. Bibi yetu alilitumia ua hili kwa jino, kwa vidonda vya mdomo, na kwa koo linalowasha. Lakini alikuwa akisema, hili ni la kukufikisha asubuhi. Asubuhi ikifika, mtoto apelekwe. Dawa ya jino bovu ni kung'oa."

"Mm," akasema fundi.

"Mm ya ndiyo, au mm ya niache?"

Fundi akatoa pini. "Nimesikia, dada."

Alisikia nusu. Asubuhi ilifika, mtoto halii, na nguo za wateja zilikuwa zinangoja. Tena kwa daktari wa meno ni mle mle hospitalini, lango lile lile. Fundi akaona hakuna haja. Akaomba mche kwa dada yake, akauotesha kwenye kopo la rangi mlangoni, na kopo lile likawa ndilo daktari wa nyumba. Chiriku akisema linauma, anaambiwa atafune. Akiamka analia, anaambiwa atafune. Fundi mwenyewe akaonja siku koo lilipomwasha, na likamsaidia kweli, tusilisingizie ua. Kisha akaendelea kutafuna hata koo lilipopoa. Alipenda ile hali ya midomo kuwa kama ya mtu mwingine.

Siku moja Chiriku alitoka chini ya meza akasimama kando ya cherehani.

"Baba, sasa linauma mpaka sikioni."

Fundi hakuinua macho kwenye mshono. "Mtoto mkubwa halii kwa ajili ya jino. Ua lipo mlangoni."

Chiriku akaenda mlangoni. Tangu hapo, baba akimuuliza "Inauma?", alijibu "Hapana, baba." Fundi akafurahi, akamwambia hata dada yake kwamba jino limepona. Nyumba ikatulia. Vipande vya vitambaa vikarundikana chini ya meza bila mwokotaji, na kazi zikaenda haraka kuliko zamani. Chiriku akawa anajifunga mtandio kuzunguka mashavu, akisema anasikia baridi. Baba yake aliona ule mtandio unachanika ukingoni, akauchukua, akaupiga pindo zuri, akamrudishia ajifunge.

Hebu niwaulize, jamani. Mtoto msemaji akinyamaza ndani ya nyumba, ninyi mnafanya nini? Mnashukuru kwamba sasa amekuwa na adabu?

Basi, akaja mpishi wa hoteli kujaribu koti lake jeupe la kazini. Alikuwa mtu mnene, mwenye utani mwingi. Mkono mmoja wa koti ulikuwa umeshashonwa, wa pili bado. Fundi alipiga goti mbele yake na pini midomoni, akipima pindo la chini. Alikuwa ametafuna ua lake la asubuhi.

"Fundi," akasema mpishi, "leo umekula nyanya za nani?"

"Mm?"

"Damu, bwana! Unatoka damu mdomoni. Na koti langu ndilo unalolipaka!"

Fundi akatazama. Kwenye pindo jeupe kulikuwa na matone mekundu matatu. Akajigusa. Pini moja ilikuwa imezama kwenye mdomo wake wa chini, imebaki kichwa tu. Akaivuta taratibu. Ikatoka ndefu, na yeye hakusikia chochote.

"Hukusikia ikikuchoma?" mpishi akauliza.

"Sikusikia. Ni ua hili la mlangoni, hutia ganzi."

"Kaa nalo! Mimi ulimi ndio kazi yangu. Nikitafuna hilo nisiweze kuonja chumvi, kesho natafuta kazi nyingine." Mpishi akaangua kicheko.

Fundi hakucheka. Aliishika ile pini mbele ya macho yake. Yeye, mtu mzima, ametafuna ua moja, na chuma chote hiki kimeingia mwilini asijue. Na yule anayetafuna asubuhi, mchana na jioni, ana nini ndani asichokisikia?

Alimwacha mteja na koti la mkono mmoja, akaingia chumba cha nyuma.

Chiriku alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Fundi akaufungua mtandio, ule wenye pindo zuri. Taya na shingo vilikuwa vimeungana, vimevimba, ngozi imekazika inang'aa, na joto lake lilisikika hata kabla ya kugusa. Mdomo haukufunguka. Pumzi ilitoka kwa mluzi.

"Chiriku. Inauma?"

Mtoto akatikisa kichwa. Hapana.

Fundi akambeba. Mpishi alitangulia akiwafungulia njia, koti lake la mkono mmoja, pini zikimchoma mapajani, akipaza sauti watu wapishe. Wakaipita ile barabara, wakaingia lile lango, na fundi hakukumbuka kulitazama.

Daktari alimpasua chini ya taya, usaha ukatoka, kisha jino likang'olewa. Akaja kuwaeleza kwamba usaha ulishuka kutoka kwenye jino ukaanza kubana njia ya hewa. Wangechelewa kidogo, mtoto angekosa pumzi. Fundi akatoa mfukoni ua moja lililonyauka.

"Ni hili ndilo lililomdhuru?"

Daktari akalitazama. "Hapana. Hili nalijua. Watu wamelitumia tangu zamani, na linatia ganzi kweli. Wataalamu bado wanalichunguza, huenda likafaa kwa mengine pia, kama kupunguza uvimbe. Hata mimi natia ganzi kabla ya kung'oa, mzee. Ila mimi nikishatia ganzi, nang'oa. Wewe ulitia ganzi ukaenda zako."

Fundi akalirudisha ua mfukoni. Alikaa kwenye benchi akitazama sakafu. Alingoja machozi, hayakuja. Kilichokuja ni maumivu ya mdomo. Lile tundu la pini lilianza kuwaka, kidogo kidogo, mpaka likamuuma hasa, na yeye akaliacha liume.

Chiriku alirudi nyumbani akiwa na kovu chini ya taya. Fundi alitaka kuling'oa ua koponi, dada yake akamzuia. "Liache, lina kosa gani? Wewe ndiye uliyesikia nusu." Shangazi alikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa haki yake.

Lakini Chiriku hakuzungumza kama zamani. Alikaa chini ya meza akiokota vipande kimya kimya. Siku moja pini iliyodondoka ikamchoma kiganjani. Fundi aliiona damu.

"Imekuchoma? Inauma?"

Mtoto akaficha mkono mgongoni. "Hapana, baba."

Fundi akatoa pini zote midomoni, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. Akainama, akajipenyeza chini ya meza, mtu mzima na magoti yake, akakaa kando ya binti yake kwenye vipande vya nguo za watu.

"Mimi kuna kitu kinaniuma," akasema. "Kifo cha mama yako kinaniuma. Kinaniuma sana, na sijawahi kukisema."

Chiriku akamtazama kwa muda mrefu, kama anayengoja kuona atarudi kazini saa ngapi. Fundi hakuondoka. Ndipo mtoto akautoa mkono mgongoni.

"Na mimi, baba," akasema. "Na hii pia inauma."

MAFUNZO

Maua ya dawa tuliyorithi ni mali, msiyadharau wala kuyang'oa. Lakini ukirithi dawa, rithi na agizo lake lote, maana kutuliza ni jambo moja na kuponya ni jingine. Ua lililokufikisha asubuhi limemaliza kazi yake; iliyobaki ni yako na ya daktari.

Na mtoto akikuambia inauma, weka chini ulichoshika. Ukimzoesha kujibu "hapana" ili ufanye kazi zako kwa utulivu, atajibu "hapana" hata pumzi ikiwa inamwishia.