Banda la Madume Watatu

Mbwa walikuwa wameanza kumla Daktari Jean-Luc Kalenga usoni, na walipofika tumboni walikuwa wameshashiba.

Hivyo ndivyo Inspekta Ambroise Numbi alivyoisoma maiti asubuhi ile ya mwaka 1995, akiwa amechuchumaa katika banda la saruji nyuma ya karakana zilizokufa za mtaa wa Panda. Kampuni ya shaba ilikuwa imeacha kulipa mishahara, na wafanyakazi walikuwa wameacha kuitumaini. Baada ya uporaji wa askari, wafanyabiashara wa Likasi waliobakiwa na kitu cha kuibiwa walitaka mbwa wakali. Daktari Jean-Luc, mganga wa mifugo, aliwazalishia. Alikuwa mmoja wa watu wachache mjini walionenepa kwa hofu ya wengine. Alilijua hilo, na halikumkosesha usingizi.

Madume watatu wa Kijerumani sasa walikuwa wamefungwa minyororo ukutani. Mmoja alikuwa akiramba mguu wake kwa utulivu wa mgeni aliyetoka karamuni.

"Kazi imeisha, chef," alisema Ajida Nicolas wa jandarmeri, aliyekuwa amemkaba ukosi mzee mmoja mwembamba. "Huyu Fidèle, mulinzi. Ufunguo ya banda tumeikuta mu mufuko yake. Gari ya Buluo inaondoka saa sita. Tunamupandisha, tunaenda kula."

"Kula nini?"

Nicolas, ambaye naye hakuwa amelipwa, aliukaza mkono kwenye ukosi wa mzee.

Katika gereza la Buluo serikali ilitoa kuta. Chakula kililetwa na ndugu. Fidèle alikuwa amemzika mkewe, na wanawe walikuwa wamepotelea machimboni. Kumpeleka huko kulikuwa ni kumhukumu kifo bila kumsumbua hakimu.

"Gari ikija itangoja," Numbi alisema. "Baba Fidèle, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Soko, chef. Dokta alinituma kutafuta pumba. Sikupata. Kurudi, giza iliisha kuingia. Nikaita Dokta, kimya. Nikasema ameenda ku maombi. Asubuhi ndiyo nikafungua banda..." Mzee alishika mdomo.

"Ufunguo hukaa wapi?"

"Mu musumari, ku mulango ya chumba ya operesheni. Kila muntu anaijua."

"Mbwa walikula mara ya mwisho lini?"

"Jumatatu. Miye vilevile, nilikula Jumatatu."

Numbi aliinua mikono ya marehemu, mmoja baada ya mwingine. Mtu anayeshambuliwa na mbwa huikinga shingo yake kwa mikono, hata akiwa mjinga, hata akiwa mcha Mungu. Mikono hii haikuwa na mkwaruzo. Kucha zake zilikuwa safi kama za bwana harusi. Aliishusha kola ya shati. Nyuma ya bega, mahali ambapo meno hayakufika, palikuwa na nukta ndogo nyekundu iliyozungukwa na uvimbe.

"Alidungwa sindano," alisema. "Aliingizwa humu akiwa amelala."

"Basi ni huyu," Nicolas alisema. "Anabaona badokta bakidunga mbwa miaka yote. Kuona ni kujifunza."

"Wewe umeona padri akisoma misa miaka yote. Soma."

Hata hivyo, Numbi alijua kwamba dhihaka si ushahidi. Mbele ya mwendesha mashtaka, ufunguo uliokutwa mfukoni ungeshinda nukta iliyo begani.

Ndipo alipomsikia mbwa wa nne. Alikuwa akilia polepole ndani ya chumba cha upasuaji, ng'ambo ya ua. Numbi alifungua mlango. Mbwa jike mwenye mgongo mweusi alikuwa amelala juu ya gunia safi, na mbele yake palikuwa na bakuli la maji.

"Huyu ni nani?"

"Reine," Fidèle alisema, akishangaa. "Dada ya bale batatu, tumbo moja. Lakini huyu analalaka mu banda pamoja nabo, tangu Dokta alisema ni tasa. Sijue nani amemutoa, chef."

Daktari Marceline Mwadi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ofisi, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote. Alikuwa mganga wa pili wa mahali pale, mtaalamu wa uzazi wa wanyama, na mtu wa kwanza asubuhi ile ambaye hakuwa amelia wala kutapika. Numbi alimwita ndani ya chumba cha upasuaji.

"Jana uliondoka lini, Dokta?"

"Mchana."

"Ulimwacha nani?"

"Daktari Jean-Luc. Alikuwa akinywa chai."

"Na Reine?"

"Bandani, pamoja na kaka zake."

"Ni nani aliyemhamishia huku?"

"Muulize mlinzi. Yeye ndiye mwenye ufunguo."

Numbi alitoa kichwa dirishani, akamwagiza Nicolas amlete dume mmoja kwa mnyororo. Mnyama alivuka ua akikokota miguu, amelemewa na shibe. Alipofika kizingitini alisimama, akanusa, kisha akasahau shibe yake yote: alijitupa mbele hivi kwamba Nicolas nusura aanguke. Reine aliinuka, akageuka, akaupindisha mkia kando.

"Mutoe," Numbi alisema, na mlango ukafungwa. "Nilidhani ni tasa. Daktari Jean-Luc alisema hivyo."

"Daktari Jean-Luc alikosea."

"Daktari mzima? Mlinzi naye anakubaliana naye."

"Mlinzi!" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Mlinzi anangoja kuona damu. Huyu hatoi damu, wala havimbi. Ana joto la kimya, Inspekta, hutaka dume bila dalili. Linaonekana katika mikroskopu tu, ukijua kusoma chembe. Na tangu macho ya Daktari yaingie ukungu, katika Likasi nzima hakuna anayezisoma ila mimi."

"Ulizisoma lini?"

"Jana mchana. Watu wa bwawa la Mwadingusha walikuwa wamekata umeme; niligeuza kioo kwenye jua."

"Na madume hawakuwa wamejua?"

"Jana walikuwa bado. Leo, umeona mwenyewe."

Majivuno ya utaalamu huwaponza watu ambao woga haujawaponza. Marceline alisikia alichokisema muda mfupi baada ya kukisema.

"Mwuaji," Numbi alisema, "alimlaza mtu kwa dawa, akamburuta hadi bandani, na kabla ya kufunga mlango akamtoa jike mmoja. Fidèle angemwacha, kwake huyu alikuwa tasa. Mimi ningemwacha, sijui hata mkia wake husema nini. Mwizi angemtoa, lakini angeondoka naye. Asingemwekea gunia na maji. Aliyemtoa alijua kwamba leo kaka zake wangempanda, na hilo hakuweza kulivumilia. Ulimtupa mtu kwa mbwa, Dokta, kisha ukawakinga mbwa na zinaa ya maharimu."

Marceline alivitazama viganja vyake.

"Tumbo moja halichanganywi," alisema. "Ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Sikuliwaza hata. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Kwa nini ulimwua?"

"Mama yao alikufa akiwazaa hawa wanne. Maziwa ya kopo hayakuwepo, si Likasi, si Lubumbashi. Daktari akasema maziwa ya mtu yatafaa. Mdogo wangu Bibiane alikuwa amejifungua, pale kambi ya wafanyakazi. Mume wake alikuwa akienda kazini bure. Daktari akatoa unga, Bibiane akakamua maziwa katika chupa kila asubuhi. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia: usiogope, mudogo wangu, mwili utatengeneza mengine."

"Haukutengeneza."

"Mwili unaokula bukari, ugali bila mboga? Nilikuwa nikiwapima watoto wa mbwa. Waliongezeka vizuri sana. Wa Bibiane sikumpima. Aliitwa Providence. Tulimzika mwaka juzi, mvua zilipoanza."

Numbi alikuwa amesikia maungamo mengi, na alikuwa na mazoea ya kutafuta ndani yake mahali ambapo mtu hujipendelea. Hapa hakupaona.

"Hayo ya mwaka juzi. Kwa nini jana?"

"Jana aliniagiza nimwue Reine. Hana faida, alisema, anakula bure. Nilikuwa nimevuta dawa ya usingizi, hiyo ndiyo hutangulia. Nikamwambia: subiri, nimesoma chembe zake, yuko tayari. Hakuniamini. Akakoroga chai yake, akasema: 'Basi maziwa ya ule mama yalipotea bure.'" Marceline alivitazama tena viganja vyake. "Sindano ilikuwa mkononi. Nilitaka aone kwamba hayakupotea."

"Hakuona. Alikuwa amelala."

"Ndiyo," alisema. "Hilo ndilo linalonisumbua."

Kutoka uani ulisikika mngurumo wa gari la Buluo. Nicolas alipaza sauti: mzee apande, dereva ana haraka. Fidèle alikuwa akimsihi kwa jina la Bikira Maria, halafu kwa jina la mama yake Nicolas.

"Na yule?" Numbi aliuliza. "Ungemwacha akafe njaa kwa kosa lako?"

"Unadhani ni nani aliyekuwa akifuata chupa? Kila asubuhi Fidèle alibisha hodi kwa Bibiane. Asubuhi ya mazishi alibisha pia. Jeneza lilikuwa mezani. Akaondoa kofia, akatoa pole, akauliza kama leo kuna maziwa." Hakuinua sauti. "Yule aliyeyataka nilitaka aliwe. Aliyeyabeba nilitaka akose chakula. Niliona inatosha."

"Alitumwa."

"Wote tulitumwa, Inspekta."

"Na aliyemshawishi mama wa mtoto? Huyo ulimpangia nini?"

Marceline alivua koti jeupe, akalikunja kwa uangalifu, akaliweka juu ya meza ya upasuaji.

Numbi alitoka mlangoni. "Nicolas, mushushe mzee. Kuna mwingine wa kupanda." Kisha akamgeukia mwanamke, akamfunga pingu. "Sheria inanitaka niulize. Huko Buluo, nani atakuletea chakula?"

"Bibiane ndiye ndugu yangu wa pekee," alisema. "Nilimwomba maziwa, akanipa. Mtumie mtu amwambie sasa naomba bukari."

Numbi alimtuma Fidèle.