Uzi wa Kukatia Ua

Haya yalimkuta rafiki yangu Fiammetta, dalali wa majumba ya kale huku kwetu Lucca. Nayasema kama alivyonisimulia. Asiyetaka kuamini na aache.

Wateja walikuwa wameshaliona jumba na bustani yake, wakaondoka. Fiammetta akamwambia mwenye nyumba, Mzee Ottorino, kwamba wamelipenda, ila ua wa miti unaoizunguka bustani utang'olewa lichimbwe bwawa la kuogelea.

"Ua huo marehemu baba kaukata maisha yake yote," mzee akasema. "Anavuta uzi kwanza uwe mstari wa kufuata, ndipo anapitisha mkasi. Unatoka sawa kama meza."

"Marehemu haogelei, mzee."

"Kafunge madirisha, binti. Mimi nakungoja getini. Humo siingii."

Fiammetta akaingia huku akicheka. Kila alipofunga mbao za dirisha, mchana ulikatika, akabaki anapapasa kuta. Katika chumba cha mwisho, gizani, akasikia mkasi: kacha, kacha, polepole, wa mtu asiye na haraka. Akadhani uko bustanini. Kitu chembamba kikamgusa kisogoni. Akakipangusa, akidhani ni utando wa buibui. Kacha, mara moja tu, sikioni. Kisha kimya.

Alitoka mbio hadi getini. Mzee akamtazama kisogo, akarudi nyuma hatua kadhaa.

Mimi nilimwona jioni ile ile. Nywele zake ndefu zilikuwa zimekatwa zote, sawa kama meza. Na chini yake, shingoni, palikuwa na mstari mwekundu mwembamba, umenyooka, kama pale uzi unapovutwa kwa mkato unaofuata.