Milango Miwili ya Ghala la Viazi

Jumamosi ile jua lilikuwa linazama nilipokumbuka kuwa sina viazi vya chakula cha Jumapili.

Nilimbeba Eldred, mwanangu wa miezi saba, tukapanda kwenye ghala letu. Hapa Newfoundland viazi huwekwa ndani ya kilima, katika chumba cha mawe kilichofunikwa kwa udongo na nyasi, ili baridi isiviharibu. Letu lilijengwa na babu yake Hedley, mume wangu, likabomoka. Kiangazi kile Hedley alilijenga upya, jiwe kwa jiwe.

Ukutani, kati ya mawe, alikuta kipande cha mkate, kikavu kama mfupa. Akawatupia kuku.

"Ungeuliza kwanza," mama yake, Drusilla, alimwambia.

"Mkate wa miaka themanini, mama? Ulitaka uuchovye kwenye chai?"

Nilicheka. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo alitia kipande cha mkate katika nguo za mtoto kila tulipotoka.

"Wale Wema hawamgusi mwenye mkate," alisema. Ndivyo tunavyowaita viumbe wa kilimani, wanaoiba watoto na kuacha wao, ili wasikasirike.

Njiani Eldred alilia. Jino lake la kwanza lilikuwa limetoka Jumanne, na ufizi ulimuuma. Nikampa kile kipande atafune.

Akakimaliza, akanyamaza.

Ghala lina milango miwili, na kijichumba katikati. Hairuhusiwi kuacha hata mmoja wazi, baridi isipite. Nilikuwa na kapu na tochi. Nikamlaza Eldred kwenye magunia, pale katikati.

"Nakuja sasa hivi, baba."

Nikaingia, nikafunga mlango wa ndani.

Harufu ya udongo. Nikaanza kuokota viazi...

Eldred akacheka.

Kilikuwa kicheko cha mtoto anayechezewa na mtu.

"Hedley?" nilinong'ona.

Mwanamke alikuwa akiimba, chini sana. Nilisukuma mlango. Haukusogea. Nikaupiga kwa bega, nikaupiga tena. Mlango wa nje sikuusikia ukifunguliwa. Kicheko kilihama... kikapita ndani ya ukuta, nyuma ya mawe, pale ulipokuwa ule mkate.

Kikazidi kwenda mbali.

Kisha mlango ukafunguka wenyewe.

Eldred alikuwa juu ya magunia, macho wazi. Alinuka udongo.

Nyumbani, mama alipitisha kidole kwenye ufizi wa mtoto. Mara mbili.

"Jino liko wapi?"

Nikaupapasa ufizi mwenyewe. Ulikuwa mtupu.

"Na mkate?"

"Nilimpa... aliula, mama."

Akaketi, akafunika uso kwa aproni.

Hedley alituona wajinga. "Mtoto halii, analala usiku kucha. Wenzenu wanamwomba Mungu wapate wa hivyo."

Nilimsihi auvunje ule ukuta. Alisema kilima kitatuangukia. Kwa hiyo kila jioni natia mkate kati ya mawe. Asubuhi naukuta palepale. Hauguswi.

Na huyu wa nyumbani hunyonya, hunitazama, wala halii. Maziwa yangu yalikauka siku ileile, lakini hachoki kunyonya.

Jana niliweka sikio ukutani. Huko nyuma, mbali, mtoto alikuwa analia kwa njaa.

Maziwa yakaanza kunitoka, yakalowesha gauni.