Kilio Kilichohamishwa

Jua lilikuwa linazama Kidole alipokwenda kwa fundi redio kuchukua spika yake. Jina hilo la Kidole alibandikwa na mama yake, kwa sababu alitengeneza michezo ya kompyuta bila kuandika hata mstari mmoja wa programu. Kutwa alikuwa akivuta visanduku kwenye kioo kwa kidole kimoja: mchezaji akitumbukia shimoni, kisanduku hiki kicheze sauti, kile kionyeshe maandishi. Basi, mchezo umekwisha.

Fundi aliisukuma spika juu ya meza kwa ncha ya bisibisi, kama mtu anayemsogeza chura.

"Nzima hii. Hata sijaifungua."

"Lakini inakwaruza, fundi."

"Haikwaruzi." Fundi akapunguza sauti. "Kuna mwanamke analia humo. Nimechomoa waya... bado analia. Ichukue, bwana. Sikudai kitu."

Kidole akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

Alikijua kilio hicho. Kilikuwa cha shangazi yake, dada wa marehemu baba. Siku ya kumzika mwanawe wa pekee, shangazi alilia mpaka wanaume wazima wakainamisha vichwa. Na Kidole, simu ikiwa mfukoni, akamrekodi. Mchezo wake ulihitaji sauti ya kufa, na zile za bure za mtandaoni zilikuwa kama paka aliyekanyagwa mkia. Hakuomba ruhusa. Nani huombwa kilio chake?

Mchezo ukapendwa mno. Lakini tangu siku ile shangazi hakuweza kulia tena. Alifungua mdomo, kisitoke kitu. Macho yalikuwa makavu kama jiwe la kusagia. Majirani hawakukawia: mama asiyemlilia mwanawe, walisema, ndiye aliyemla kwa uchawi. Wakaanza kwa kumnyima salamu, wakaishia kuichoma nyumba yake. Wengine walisema hakuwamo ndani. Wengine hawakutaka kusema. Habari hizo zilimfikia Kidole, naye akatulia kama maji mtungini. Wala hakumwambia mama yake.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa jikoni akiosha vyombo. Kidole akampita, akafungua mlango wa chumba chake.

Harufu ya moshi.

Shangazi alikuwa ameketi mbele ya kompyuta. Pindo la nguo yake lilikuwa limeungua.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi akaendelea kukitazama kioo.

"Mama hakuniambia umekuja."

"Hajaniona." Sauti yake ilikuwa kama majani makavu. "Nionyeshe huo mchezo."

Mkono wa Kidole ukatii kabla yeye mwenyewe hajakubali. Kijitu kikakimbia, kikateleza, kikatumbukia. Kilio kikajaa chumba kizima. Maandishi meupe yakatokea: UMEKUFA. JARIBU TENA.

"Wanaocheza ni wengi?"

"Wengi, shangazi. Sijui idadi yao."

"Kumbe kila anayeteleza ninamlilia mimi," alisema polepole. "Ndiyo maana wangu amekosa wa kumlilia."

"Nitakifuta. Sasa hivi nakifuta."

"Ukikifuta, mimi nitalia kwa kipi?"

Hapo Kidole akakumbuka. Siku ya kuiingiza sauti ile, programu ilimwuliza kama ainakili au aihamishe. Watu wa kazi yake, nafasi ya simu ikiwaishia, hawafikiri mara mbili. Alibonyeza kuhamisha. Sauti ikatoka ilikokuwa, isibaki hata chembe.

Wakati akiwaza hayo, kwenye ghala la sauti za mchezo likatokea faili jipya ambalo hakuliweka mtu. Lilikuwa na jina lake kamili, lile alilopewa alipozaliwa, ambalo hata mama yake alikwisha kuacha kulitumia. Chini yake palikuwa na vitufe viwili.

NAKILI. HAMISHA.

Kidole cha shangazi, cheusi kwa masizi, kikainuka.

"Nakili, shangazi," alinong'ona. "Nakuomba. Bonyeza nakili, tubaki nayo sote wawili."

"Wewe ulibonyeza kipi?"

Kidole akaitazama HAMISHA.

Shangazi akabonyeza hicho hicho.

Kitu kikamtoka Kidole kooni, chepesi, bila maumivu, kama uzi unaochomolewa kwenye nguo. Shangazi akasimama, akapanua mdomo, akalia. Alilia kwa sauti nene ya kiume. Sauti ya Kidole. Machozi ya kweli yakamtiririka juu ya masizi, naye akatoka kwa mlango wa uani, akishika njia ya makaburini, akimwita mwanawe kwa jina.

"Nani huyo analia nje?" mama aliuliza kutoka jikoni. "Mbona kama wewe?"

Kidole akamjibu. Chumba kikabaki kimya. Ila kwenye kioo, maneno yake yakajipanga kwa herufi nyeupe, moja moja: MAMA, NIKO HUMU.

"Naongea na nani mimi? Huna adabu siku hizi, hata kuitika?"

MAMA, NISAIDIE.

Mama akaja, mikono ikidondosha povu la sabuni. Akamtazama mwanawe alivyokuwa akifumbua na kufumba mdomo kama samaki. Kisha akaitazama kompyuta. Mama huyu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

"Acha utani, baba," alisema. "Hapo pameandikwa nini? Nisomee."

Kidole akafungua mdomo.

Herufi zikaongezeka.